Uchovu usioisha na tezi ya thairoidi: jinsi ya kupima, kusoma majibu na kuamua cha kufanya

Ukikaa na uchovu miezi sita, kila anayekuona atakuambia upime thairoidi. Unapima. Majibu yanarudi, daktari anayapitishia macho, anasema "kawaida, huna tatizo", nawe unatoka chumbani mwake na mwili ule ule ulioingia nao. Wengine hapo hukata tamaa. Wengine, na mimi nilikuwa mmoja wao, huingia mtandaoni usiku huo huo na kukuta watu wanaoapa kwamba vipimo vinadanganya, tezi yako imelala, agiza vidonge hivi umeze.

Nimeishi na uchovu sugu na maumivu ya mwili kwa miaka, na njia zote mbili nimezipita. Ninachoamini leo ni hiki: neno "kawaida" linajibu swali moja tu, swali la tezi. Halisemi kwamba huumwi. Lakini swali hilo moja linajibiwa vizuri kuliko sisi wagonjwa tunavyopenda kukubali, ilimradi limeulizwa sawasawa. Mwongozo huu ni wa kuliuliza sawasawa. Daktari bado utamhitaji; lengo ni ukae mbele yake ukijua mnazungumzia nini.

Kwanza, tezi yenyewe

Tezi ya thairoidi, wengine huiita tezi dundumio, iko mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo, na umbo lake linafanana na kipepeo. Hutumia madini joto, yaani iodini, kutengeneza homoni mbili. T4, yaani thairoksini, ina atomu nne za madini joto. T3 ina tatu. Tezi hutoa T4 kwa wingi na T3 kidogo. T4 ni akiba: huzunguka kwenye damu, na huchukua kama wiki nzima kupungua nusu. Ikifika kwenye ini, figo, misuli na kwingineko, hung'olewa atomu moja ikawa T3, na hiyo ndiyo inayoingia kazini ndani ya seli na kupanga kasi ya mambo: joto la mwili, mapigo ya moyo, mwendo wa utumbo, hata wepesi wa kufikiri. Karibu asilimia 80 ya T3 ya mwilini hupatikana kwa njia hiyo, nje ya tezi.

Ila mwili unaweza pia kung'oa atomu nyingine isiyo hiyo, ikatoka T3 ya kinyume, ambayo kwa kazi hizi ni kama haipo. Mtu akikaa na njaa siku nyingi, au akiwa mahututi, mwili hupunguza T3 na kuongeza hiyo ya kinyume. Ni sawa na kushusha utambi wa taa ili mafuta yafike asubuhi. Kumbuka mfano huo, tutaurudia.

Msimamizi wa shughuli yote ni tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo. Hutuma homoni iitwayo TSH. Homoni za thairoidi zikipungua, pituitari hupandisha TSH kuichapuza tezi, zikizidi, huishusha. Nayo ina masikio makali: T4 ikishuka kidogo tu, TSH hupanda mara kadhaa. Kwa hiyo daktari anayeanza na TSH hafanyi ubahili. Anasoma mshale unaocheza mapema kuliko mingine.

Hatua ya 1: Andika uchovu wako kabla ya kutoa damu

Watu wengi huruka hatua hii, na kwangu ndiyo kubwa kuliko zote. Neno "nimechoka" halimsaidii daktari. Chukua daftari, andika kwa wiki mbili: ulichofanya, saa ngapi, ulijisikiaje siku hiyo, kesho yake na kesho kutwa. Mistari mifupi inatosha. Hii ni ya daftari langu:

Jumanne: nimefua mashuka mawili asubuhi, najisikia vizuri. Jumatano: sawa hadi jioni, miguu mizito. Alhamisi: siwezi kuinua kichwa, koo linawasha, mwanga unaniumiza, nasoma sentensi moja mara nne. Ijumaa: kitandani. Jumamosi: nusu siku kitandani.

Angalia mahali adhabu ilipoangukia. Kosa la Jumanne limelipwa Alhamisi. Mporomoko huu unaochelewa saa 12 hadi 48 baada ya kujitumia, kisha ukadumu siku au wiki, ndio alama kuu ya ugonjwa wa uchovu sugu, ule ambao madaktari huuandika ME/CFS. Vigezo vilivyotolewa Marekani mwaka 2015 vinataka uwepo, pamoja na uwezo wa kufanya shughuli kupungua sana kwa zaidi ya miezi sita, usingizi usioburudisha, na angalau kimoja kati ya viwili: ukungu wa akili, au hali kuwa mbaya ukisimama.

Uchovu wa tezi iliyolegea, yaani inayotoa homoni pungufu, kwa kawaida hauna mchezo huo wa kuchelewa. Huja polepole na kukaa vile vile siku zote, kama mtu anayetembea ndani ya maji. Tena hauji peke yake: baridi wakati wenzako wanafungua madirisha, choo kigumu, ngozi kavu, nywele kunyonyoka, sauti kukwaruza, uso kuvimba asubuhi, hedhi nzito, mapigo ya moyo ya polepole, uzito kuongezeka bila chakula kuongezeka. Ipo pia dalili moja ya zamani ninayoipenda kwa sababu haihitaji mashine. Daktari akigonga kano ya nyuma ya kisigino kwa nyundo yake ndogo, mguu huruka kama wa mtu yeyote, lakini hurudi kivivu, kana kwamba umesahau ulipotoka.

Na maumivu? Tezi iliyolegea huleta misuli kukakamaa na kubana, na vidole kufa ganzi usiku kwa sababu mshipa wa fahamu umebanwa kifundoni mwa mkono. Mara nyingi kimeng'enya cha misuli kiitwacho CK hupanda kwenye damu. Maumivu ya faibromaialjia, ugonjwa wa maumivu sugu ya mwili, hutapakaa mwili mzima, juu na chini ya kiuno, kulia na kushoto, kwa miezi mitatu au zaidi. Hata kukumbatiwa kunaweza kuuma, na CK haipandi. Ukiona mseto wa hayo yote kwenye daftari lako, usishtuke. Mtu mmoja anaweza kuwa na tezi mbovu na faibromaialjia kwa pamoja, na kuwa na kimoja hakumkingi na kingine.

Ongeza kipimo kimoja cha nyumbani, mtu akiwa karibu nawe. Lala dakika 10, hesabu mapigo ya moyo kwa dakika nzima. Simama, mabega yakiegemea ukuta na visigino mbele kidogo, usizungumze, na uhesabu kila dakika hadi dakika 10. Ukihisi unazimia, kaa chini mara moja. Mtu mzima ambaye mapigo yake yanapanda 30 au zaidi na kubaki huko, bila shinikizo la damu kuporomoka, ana jambo la kumweleza daktari, na jambo hilo haliwezi kuonekana kwenye kipimo cha thairoidi.

Hatua ya 2: Jiandae, maana kipimo huharibika kirahisi

Hapa nina aibu ya kusimulia. Nywele zilikuwa zinanyonyoka, nikawa nameza bayotini ya miligramu 10 kila asubuhi. Kwangu ilikuwa ni vitamini tu, sikuitaja popote. Majibu yakaja TSH iko chini kabisa na T4 iko juu. Nikaambiwa tezi imezidi kasi na nikaandikiwa dawa ya kuipunguza. Mimi, niliyekuwa nimekaa pale nimevaa sweta mbili! Muuguzi aliyekuwa ananipima uzito ndiye aliyeuliza, "Na zaidi ya hizi za daktari, unameza nini kingine?" Nikaacha bayotini siku tano, nikapima upya, namba zote zikarudi mahali pake.

Sababu ni kwamba mashine nyingi za maabara hutumia bayotini kama gundi ya kunasia homoni zinapopimwa. Damu ikijaa bayotini kutoka kwenye vidonge, gundi hiyo inashikwa na kitu kisichotakiwa, namba zinapinduka, na karatasi inaonyesha tezi iliyozidi ambayo haipo. Acha vidonge vya nywele na kucha angalau siku mbili kabla. Kama dozi ni kubwa sana, uliza kama siku ziongezwe.

Mengine ya kuzingatia ni haya:

Pima asubuhi, na kila unaporudia pima saa ile ile. TSH hupanda usiku na kushuka mchana, kwa hiyo ya saa mbili asubuhi na ya saa tisa alasiri si ndugu wa kulinganishwa.

Usipime ukiwa na homa, au siku chache baada ya kutoka hospitalini. Subiri wiki kadhaa. Mwili ulioshusha utambi utaonyesha tezi mbovu wakati tezi ni nzima. Mfungo mrefu au mlo wa kujinyima sana pia hushusha T3.

Kama tayari unatumia thairoksini, toa damu kwanza, kidonge umeze baadaye.

Andika dawa zako zote. Steroidi, lithiamu, amiodaroni, dawa za kifafa kama fenitoini na kabamazepini, na vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, kila moja hugusa namba hizi kwa njia yake. Na kama una ujauzito au unadhani unao, sema, maana viwango vya mjamzito ni tofauti.

Hatua ya 3: Omba vipimo vinavyostahili, si vyote vilivyopo

Kwa mtu mwenye uchovu na maumivu ya muda mrefu ningeomba vitatu: TSH, T4 huru, na kingamwili za TPO. T4 huru ni ile ambayo haijashikwa na protini za damu, yaani inayoweza kufanya kazi.

Kwa nini T4 huru, wakati TSH ina masikio makali? Kwa sababu mara chache anayeumwa ni msimamizi mwenyewe. Pituitari ikiharibika haiwezi kupandisha TSH hata kama tezi inakufa njaa; karatasi itasoma TSH ya kawaida, na mgonjwa atarudishwa nyumbani. Ni nadra, lakini uchovu wa miaka unastahili kuangaliwa hadi hapo.

Kingamwili za TPO zinaonyesha kama kinga ya mwili inaishambulia tezi. Ugonjwa huo unaitwa Hashimoto, kwa jina la daktari Mjapani aliyeueleza mwaka 1912, na palipo na madini joto ya kutosha ndio chanzo kikuu cha tezi kulegea.

T3 huru ina umuhimu zaidi TSH ikiwa chini, kutafuta tezi iliyozidi. T3 ya kinyume utaiona ikiuzwa kama ufunguo wa siri. Gharama yake haishindani na faida: ikiwa juu haituambii zaidi ya kwamba mwili uko kwenye shida, na hilo ulilijua kabla ya kufungua mkoba.

Hatua ya 4: Soma karatasi yako mwenyewe

Omba nakala, usiridhike na neno la mdomo. TSH ya mtu mzima katika maabara nyingi huwa kati ya 0.4 na 4.0, kwa kipimo cha mIU/L. T4 huru huwa takriban 12 hadi 22 pmol/L. Ikiwa maabara yako inatumia ng/dL, zidisha kwa 13 upate makadirio ya pmol/L, nimeona watu wakililia "T4 ya 1.2" kumbe iko katikati kabisa. Mipaka ya kuamini ni ile iliyochapishwa pembeni ya jibu lako, kwa kuwa mashine hutofautiana.

Tuchukue karatasi za kubuni.

TSH 1.8, T4 huru 15. Tezi ni nzima. Uchovu una chanzo kingine, na kitafutwe.

TSH 14, T4 huru 8. Tezi imelegea waziwazi. Hii inatibika, na nafuu huanza kuonekana ndani ya wiki au miezi michache. Kama una dalili za faibromaialjia pia, usipokee jina hilo la pili kabla tezi haijatengenezwa. Kwa baadhi ya watu maumivu huondoka pamoja na tatizo la kwanza.

TSH 6.1, T4 huru 14. Hapa ndipo mabishano yalipo. Tezi bado inatosheleza mwili lakini inapigiwa kelele. Usianze dawa kwa karatasi moja. Rudia baada ya miezi miwili au mitatu, maana TSH nyingi za namna hii hurudi zenyewe. Ikibaki juu, daktari ataangalia umri, kingamwili, dalili na kama unapanga kubeba mimba. Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unaruhusu kufikiria dawa kwa majaribio ya miezi sita kwa mtu wa chini ya miaka 65 mwenye dalili. Majaribio ni majaribio: kama TSH imerudi chini na wewe hujapata nafuu, dawa isimamishwe bila mtu kuona haya.

TSH 1.5, T4 huru 8. Huu ndio mtego niliousema. Inaweza kuwa pituitari, ugonjwa mwingine mzito au dawa unazotumia. Asiifumbie macho mtu yeyote kwa sababu tu TSH ni nzuri.

TSH chini ya 0.01, T4 huru 30. Tezi imezidi. Watu husahau kwamba hii nayo huchosha vibaya: moyo unakimbia usiku kucha, misuli ya mapaja inakonda, ngazi zinakuwa mlima.

Hatua ya 5: Kabla hujameza T3 kwa sababu ya uchovu sugu

Sasa turudi kwenye utambi wa taa, maana dai la mtandaoni, kwamba mwenye uchovu sugu amepungukiwa T3 na aimeze, lina mguu mmoja kwenye ukweli.

Mwaka 2018 watafiti wa Uholanzi walilinganisha wagonjwa 98 wa uchovu sugu na watu 99 wenye afya. TSH haikutofautiana. T3 ilikuwa chini zaidi kwa wagonjwa, na T3 ya kinyume ilielekea juu. Waliokuwa na T3 huru chini ya mpaka wa kawaida ni 16 kati ya wagonjwa na 7 kati ya wenye afya. Tofauti ipo. Lakini fanya hesabu: wagonjwa 82 kati ya 98 hawakuwa chini ya mpaka huo, na bado walikuwa hoi.

Na hata kwa wale 16, utafiti wa namna hiyo hupiga picha ya siku moja tu. Hauwezi kusema kama T3 ilishuka ikaleta ugonjwa, au ugonjwa ulikuja na mwili ukashusha utambi kujihifadhi. Kama ni hilo la pili, kupandisha utambi kwa nguvu kunaweza kumaliza mafuta.

Je, kuna aliyejaribu dawa? Kwa T4, ndiyo. Mwaka 2001 jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, lilichapisha jaribio la watu waliokuwa na dalili zote za tezi iliyolegea huku vipimo vyao vikiwa vya kawaida. Walipewa thairoksini kwa kipindi na vidonge bandia kwa kipindi kingine bila kujua wako kwenye kipi. Thairoksini haikushinda vidonge bandia. Mwaka 2017 jaribio kubwa la wazee 737 wenye TSH iliyopanda kidogo nalo halikuona uchovu ukipungua kwa dawa. Anayetaka kubishana atasema, na ana haki, kwamba hao hawakuchaguliwa kwa kuwa na ME/CFS, na kwamba waliyopewa ni T4, si T3. Sawa. Mlango haujafungwa kabisa. Lakini mlango ulioachwa wazi si ruhusa ya kupita gizani ukikimbia.

Maana T3 si vitamini. Hufanya kazi haraka, hupanda na kushuka ndani ya siku moja, na ikizidi moyo hupoteza mpangilio wake na mifupa hukonda kimyakimya. Kwa mtu ambaye tayari moyo unamdunda akisimama, ni kumwagia petroli. Tena kuna hatari moja ambayo wauzaji hawaitaji: kama tezi zako za adrenali, zile zilizo juu ya figo, zimeshindwa kutoa kotisoli, homoni ya kuhimili misukosuko, bila wewe kujua, homoni ya thairoidi inaweza kukuangusha katika dharura ya kuhatarisha maisha. Uchovu, kizunguzungu ukisimama, hamu ya chumvi, kukonda na ngozi kuwa nyeusi kwenye mikunjo ya viganja ni sababu ya kupima kotisoli ya asubuhi kabla ya kidonge chochote cha thairoidi.

Vidonge vya tezi ya nguruwe iliyokaushwa husifiwa kuwa vya asili. Ni vya asili, ya nguruwe. Uwiano wake ni kama T4 nne kwa T3 moja, wakati tezi ya binadamu hutoa takriban T4 kumi na nne kwa T3 moja. Na mwani wa bahari na matone ya madini joto pia viache: mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 tu kwa siku, na ziada inaweza kuvuruga tezi yenye Hashimoto.

Hatua ya 6: Kama kweli una tezi iliyolegea

Levothairoksini, yaani T4 ya vidonge, ni dawa rahisi inayoshindwa kwa sababu za jikoni. Meza tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu, dakika 30 hadi 60 kabla ya kula au kunywa kahawa. Ukipenda usiku, ziwe zimepita saa tatu au zaidi tangu mlo wa mwisho. Vidonge vya madini ya chuma na kalsiamu viachanishwe nayo kwa saa nne. Wagonjwa wa uchovu hupewa madini ya chuma sana, na wengi huvimeza vyote kwa funda moja la maji. Halafu dozi inapandishwa, na kupandishwa tena, wakati kosa ni saa ya kumezea.

Baada ya kuanza au kubadili dozi, rudia TSH baada ya wiki 6 hadi 8. Kabla ya hapo namba bado inasafiri. Mzee au mwenye ugonjwa wa moyo huanza na dozi ndogo.

Ukifika miezi sita, TSH ni nzuri na umezaji ni sahihi, lakini bado uko kitandani siku mbili baada ya kufua? Hapo umejua jambo la thamani: tezi ilikuwa mgonjwa mmoja, na kuna mwingine nyumbani. Wapo ambao daktari bingwa huwajaribishia mchanganyiko wa T4 na T3. Majaribio mengi hayajaonyesha ushindi wa wazi, ingawa baadhi ya wagonjwa huupendelea. Ufanyike kwa muda uliopangwa, moyo ukiangaliwa.

Hatua ya 7: Wengine wa kuhojiwa

Usitoke maabara na kipimo cha thairoidi pekee. Orodha ya kawaida ni picha nzima ya damu, feritini, vitamini B12 na D, sukari, figo, ini, chumvi za damu na kalsiamu, alama za uvimbe wa ndani kama CRP, CK kama misuli inauma, kipimo cha siliaki (kinga ya mwili kuushambulia utumbo kwa sababu ya gluteni ya ngano), VVU, na ujauzito kwa anayehusika. Feritini iangalie kwa jicho lako: mtu anaweza kuwa na wingi wa damu wa kawaida huku ghala la chuma likiwa limebaki vumbi.

Na mwulize anayelala karibu nawe kama unakoroma na kuacha kupumua usiku. Hiyo haipimwi kwa damu.

Hatua ya 8: Panga nguvu zako wakati majibu yanasubiriwa

Hapa ushauri wa magonjwa haya unagongana, na ndipo watu huumizwa na nia njema. Kwa faibromaialjia, mapendekezo ya Ulaya ya mwaka 2016 yaliliweka zoezi la mwili mbele ya tiba nyingine zote. Kwa ME/CFS, NICE mwaka 2021 iliondoa mpango wa kuongeza mazoezi kidogo kidogo kwa ratiba iliyopangwa. Mwenye tezi iliyolegea tu, dawa ikishakaa sawa, hana sababu ya kuogopa kutembea.

Ukiwa na zaidi ya kimoja, daftari la hatua ya kwanza ndilo linaloamua. Kama mporomoko unaochelewa umo, unakuwa juu ya ushauri mwingine wote. Kata shughuli vipande. Mimi sasa nafua shuka moja, nakaa kwenye kigoda, napumzika dakika ishirini kabla ya kuanika, ingawa ninajisikia vizuri. Na hasa kwa kuwa ninajisikia vizuri, maana siku hizo ndizo zilizokuwa zikiniangusha. Shuka la pili ni la siku nyingine. Kama mporomoko haumo, anza kutembea dakika chache na uongeze taratibu.

Kurudia vipimo

TSH ya kawaida na kingamwili hakuna: huna haja ya kupima tena kila mwezi. TSH ya kawaida lakini kingamwili zipo: pima mara moja kwa mwaka, kwa kuwa tezi inaweza kulegea baadaye. Pima mapema zaidi ukipata ujauzito, ukianza lithiamu au amiodaroni, au ukiona shingo inavimba, sauti inabadilika, au baridi mpya isiyokuwepo. Na kama mtu mwenye tezi iliyolegea anakuwa baridi mwilini, anachanganyikiwa na haamki vizuri, huyo apelekwe hospitalini saa hiyo hiyo, asisubiri miadi.